Mwenye msitu aitwe

Hapo Lwiro, jirani na hifadhi ya Kahuzi-Biega, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kituo cha utafiti kipo tangu enzi za ukoloni. Watafiti hupima mvua, huchunguza mimea. Vizuri. Lakini Batwa, wenyeji wa msitu ule, waliusoma kabla ya kipimo chochote kuletwa: nyuki wanahamia wapi, maua yakichelewa maana yake nini. Hifadhi ilianzishwa 1970, wakafukuzwa, na ujuzi wao ukaachwa nje ya mpaka. Julai 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba Congo ilivunja haki zao. Sasa tabianchi imebadilika, ndipo wanatafutwa kwa ujuzi huo! Basi mzee wa Kibatwa akiitwa, alipwe kama mtaalamu, si kama mbeba mizigo. Na jina lake liandikwe kwenye ripoti.