Mji Uliopunguza Doria Ili Ujue

Nyumba tatu zikivunjwa mtaani ndani ya wiki moja, kikao cha mtaa huwa na ombi moja: polisi waongeze doria. Hata mimi ningeomba hivyo. Lakini je, gari la polisi linalozungukazunguka humzuia mwizi?

Askari wa Kansas City, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, walibishana juu ya swali hilohilo. Mwaka 1972 wakaanza kulijaribu. Maeneo 15 ya doria kusini mwa mji yaligawanywa mafungu matatu. Katika matano, doria ya kawaida iliondolewa. Askari waliingia walipoitwa tu. Katika matano mengine doria ikaongezwa mara mbili hadi tatu. Matano ya mwisho yakaachwa yalivyokuwa, na hayo nayapenda zaidi, maana bila hayo nani angejua kama badiliko limeletwa na doria au na msimu tu?

Jaribio lilikwenda mwaka mzima. Watafiti, wakiongozwa na George Kelling, hawakutosheka na kumbukumbu za polisi, kwani wizi mwingi hauripotiwi kituoni. Waliwauliza wakazi wenyewe: umeibiwa? Unaogopa kutembea usiku? Ripoti ikatoka mwaka 1974. Tofauti ya maana haikuonekana, si katika uhalifu, si katika hofu, si katika imani ya watu kwa polisi. Wakazi kwa jumla hata hawakutambua kwamba doria imebadilika!

Wapo waliodai kwamba basi polisi hawana kazi. Hapana. Askari walikuwa wakiitikia wito kote. Kilichopimwa ni kule kuzunguka bila kulenga mahali.

Kulenga kulipimwa baadaye, mjini Minneapolis, hukohuko Marekani. Mtafiti Lawrence Sherman na wenzake waligundua kwamba nusu ya simu za kuwaita polisi zilitoka katika asilimia 3 hivi tu ya anwani za mji. Wakachagua sehemu 110 zenye matukio mengi, nusu yake zikapewa doria ya ziada. Huko simu za kuita polisi zikapungua, na fujo pia.

Basi kikao kijacho, msikilizaji, kabla ya kuhesabu askari, ulizaneni: zile nyumba tatu zilivunjwa kona ipi, na saa ngapi?