Jirani Yako ni Nani?

  Kabla hatujaanza, namwomba mwalimu aandike ubaoni maneno matatu: kujuana, kuaminiana, kudhaminiana. Maneno mawili ya kwanza mnayafahamu. La tatu, kumdhamini mtu, maana yake ni kusimama kwa ajili yake na kusema mbele ya watu, "Huyu namjua, mimi ni dhamana yake." Yashikeni maneno hayo kwa mpango huo huo, kwa kuwa moja humzaa mwenzake.

Leo tunazungumza juu ya jirani. Kila mtu mzima amepata kusikia watu wakilalamika, "Siku hizi watu hawajuani. Hata mtu akifa nyumba ya pili, utapata habari baada ya kuzikwa." Wengi husema sababu yake ni roho mbaya: eti watu wa zamani walikuwa na utu, na watu wa leo wana choyo. Mimi siamini hivyo. Mioyo ya watu haigeuki upesi namna hiyo. Yaliyogeuka ni mambo yaliyokuwa yakiwakutanisha watu kila siku, wapende wasipende. Tuyatazame moja moja, na mfano wetu uwe mji wa Dar es Salaam.

Kwanza, tutazame idadi ya watu. Hesabu ya mwaka 1957 ilionyesha kwamba mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 129,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya 5,380,000. Kwa kila mtu mmoja wa wakati ule, sasa wapo zaidi ya 40. Lakini msiseme upesi kwamba sababu ni wingi wa watu. Hata watu wa mwaka 1957 wengi wao walikuwa wageni. Walitoka Uzaramo, Unyamwezi, Ungoni na kwingineko. Walipataje kujuana?

Jibu moja ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na njia ndefu katikati, vyumba vitatu upande wa kuume na vitatu upande wa kushoto. Mbele palikuwa na baraza, na nyuma palikuwa na uani, penye jiko, choo na mahali pa kufulia. Kila chumba kiliweza kuwa na mpangaji wake, lakini baraza ilikuwa moja, uani ulikuwa mmoja, na choo kilikuwa kimoja. Mama wa chumba cha kwanza akikosa chumvi, alimwomba mama wa chumba cha nne. Mtoto akilia usiku, nyumba nzima ilijua. Maji waliyafuata kwenye bomba la mtaa, wakasimama kwa zamu na ndoo zao, wakapeana habari. Hakuna aliyewaambia, "Njooni mjuane." Walijuana kwa sababu hawakuwa na njia ya kukwepana.

Nyumba za namna hiyo bado zipo, kwa mfano Ilala, Temeke na Magomeni. Lakini tazameni nyumba nyingi zinazojengwa sasa. Mwenye uwezo huanza na ukuta. Juu ya ukuta huweka vipande vya chupa au nyaya za umeme. Huweka lango la chuma, na ndani yake bomba lake, tangi lake na choo chake. Simlaumu. Anaogopa wezi, tena maji ya ndani ni jambo jema kwa afya. Lakini pamoja na bomba la mtaa, imeondoka ile zamu ya ndoo, na hakuweka kitu kingine mahali pake.

Jibu la pili ni desturi. Wazaramo na Wanyamwezi walikuwa watani tangu siku za misafara ya wapagazi iliyotoka bara kwenda pwani. Mtani hukutania, lakini ukifiwa yeye ndiye anayekuja kukuhudumia. Kwa hiyo mgeni aliyefika mjini bila ndugu alikuwa na mtani. Tena watu waliotoka sehemu moja walianzisha vyama vya kusaidiana na kuzikana. Desturi hizo hazikufa, lakini kijana aliyezaliwa mjini, ambaye mama yake ni wa kabila moja na baba yake wa jingine, mara nyingi hajui watani wake ni akina nani.

Jibu la tatu ni uongozi. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiliweka mashina ya nyumba kumi kumi, na kila shina likawa na mjumbe, au balozi kama wengine walivyomwita. Ukiwa na mgeni, ulimwambia mjumbe. Mkigombana na jirani kwa ajili ya mpaka au kuku, mlikwenda kwa mjumbe kabla ya kwenda mahakamani. Mwaka 1992 nchi yetu ilikubali tena vyama vingi vya siasa. Mjumbe akabaki kuwa mtu wa chama kimoja, na asiye wa chama hicho huona haya kumwendea. Serikali ya mtaa ipo, na mwenyekiti wake huchaguliwa na wakazi, lakini mtaa mmoja wa mjini huweza kuwa na maelfu ya watu. Mwenyekiti hawezi kuwajua wote kama mjumbe alivyozijua nyumba zake kumi.

La nne ni kodi ya nyumba. Wapangaji wengi hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja. Muda ukiisha, asiyeweza kulipa tena huhama. Mtu anayejua kwamba baada ya miezi sita huenda akahama hana haja kubwa ya kujitambulisha. Na jirani aliyeona wapangaji watano wakija na kwenda katika chumba kimoja huchoka kuuliza majina.

La tano ni simu. Zamani ulipopungukiwa fedha, mtu wa kumwomba alikuwa yule aliye karibu. Leo unampigia ndugu yako aliyeko Mwanza, naye hukutumia fedha kwa simu mara moja. Hilo ni jambo la faida sana, na hakuna anayetaka kulirudisha nyuma. Lakini wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu wa Mwanza aweza kukutumia nauli, lakini hawezi kumbeba mgonjwa wako saa nane ya usiku, wala hawezi kuuzima moto wa jikoni kwako.

Sasa tufike kwenye hatari yenyewe. Fikirini fundi mmoja aliyehamia mtaa wenu wiki tatu zilizopita. Anafanya kazi mpaka usiku. Anaondoka kabla ya jua na kurudi watu wamelala. Usiku mmoja anarudi kwa miguu. Mara mtu anapiga kelele, "Mwizi!" Watu wanatoka na marungu. Fundi anaogopa, anakimbia, na kwa kuwa anakimbia, wanasema ndiye. Wanamkamata. Anasema, "Mimi nakaa hapa." Wanamwuliza, "Nani anakujua?"

Ndugu, swali hilo likikosa jibu, mtu aweza kufa. Katika nchi yetu watu wameuawa hivyo, na wengine hawakuwa wameiba hata sindano. Sheria inakataza kumwua mtu hata kama ni mwizi kweli. Kazi yetu ni kumpeleka polisi. Lakini usiku ule, kabla polisi hawajafika, fundi alihitaji mtu mmoja tu wa kusema, "Mwacheni, namjua, amepanga nyumba ya tatu." Ndiyo maana niliwaambia mwalimu aandike maneno matatu. Asiyejulikana haaminiwi, na asiyeaminiwa hana wa kumdhamini.

Lakini tusidanganyane kwamba mambo ya zamani yote yalikuwa mema. Watu waliojuana sana pia walisengenyana. Mjumbe mwingine alijua siri za watu kupita kiasi. Na wanawake wazee walioshtakiwa uchawi, wakapigwa au kuuawa, mara nyingi walishtakiwa na watu waliowajua tangu utotoni. Kwa hiyo kujuana peke yake hakutoshi. Lazima kuende pamoja na haki na ukweli. Hatutaki kurudi nyuma. Tunataka kuanza upya, kwa kuchagua, jambo ambalo wazazi wetu walilipata kwa kulazimika.

Tufanye nini? Anza na nyumba nne: ya kuume, ya kushoto, ya mbele na ya nyuma. Jua jina la mtu mmoja katika kila nyumba, naye ajue lako. Mgeni akihamia karibu nawe, usingoje akuendee. Piga hodi, mpe pole ya kuhama, mwonyeshe duka na njia ya zahanati. Mweleze pia mwenyekiti wa mtaa ni nani na nyumba yake iko wapi.

Pili, usione haya kuazima kitu kidogo. Azima ungo leo, urudishe leo hii hii, tena ukiwa safi. Watu wengine hujisifu kwamba hawajamwomba jirani kitu chochote. Lakini jirani hawezi kukuamini kwa sababu huna shida naye. Atakuamini kwa sababu alikupa ungo ukarudi. Kisha naye ataona si aibu kuazima kwako.

Tatu, tafuteni kazi moja ya kufanya pamoja. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Leo kazi yaweza kuwa kuzibua mtaro, kuweka taa njiani, kulinda kwa zamu, upatu, au chama cha kuzikana. Majirani zetu wa Kenya walianzisha mpango wao wa Nyumba Kumi mwaka 2013, na wazo lake walilitoa kwetu. Lakini mpango wowote wa serikali hauwezi kupiga hodi badala yako.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika mtaa au kijiji chenu, zamani watu walikutana wapi kila siku? Je, sasa wanakutana wapi?

2. Mtu akikamatwa usiku na kuitwa mwizi, ninyi mtafanya nini kwanza?

3. Kazi gani moja mnaweza kuifanya pamoja na majirani kabla ya mwezi huu kwisha?

Zoezi la kuandika: Chora mraba katikati ya karatasi, uandike ndani yake jina lako. Kisha chora miraba minne, kuume, kushoto, mbele na nyuma, na katika kila mmoja uandike jina la jirani yako. Mraba utakaokosa jina, uache wazi mpaka jioni. Jioni nenda ukapige hodi, uulize jina, halafu urudi uliandike. Karatasi hiyo mleteni darasani siku ya somo lijalo.