Kumjibu kwa Upole Atushutumuye kwa Ukali

(Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mwiki)



Halmashauri iliponiagiza niseme maneno machache juu ya Mkristo na shutuma, nilitambua mara moja kwa nini nimechaguliwa mimi. Wengi wenu mlikuwapo katika mkutano wa mwaka uliopita, nanyi mlisikia niliyoambiwa. Basi sitazunguka mbuyu.

Siku ile mwanachama mmoja, mzee wa heshima zake, alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba karani anakula fedha za wajane. Sababu yake ni kwamba jamaa waliofiwa walipokea shilingi 1,500 pungufu ya jumla iliyoandikwa daftarini. Daftari hilo nilikuwa nalo mkononi. Ndani yake mlikuwa na ukurasa mwingine, ule wa wenye deni la ada, na jina lake lilikuwamo. Ningaliweza kuusoma kwa sauti. Mkutano ungalicheka, na jambo langu lingalisahauliwa. Sikuusoma. Baadhi yenu mlinisifu kwa utulivu ule, lakini sifa hiyo si haki yangu. Kabla jua halijachwa nilikuwa nimewaeleza rafiki watatu habari za deni lile, tukiwa njiani kwenda kituo cha matatu. Kinywa kilichofungwa mkutanoni kilifunguka barabarani.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 16, twasoma jinsi Shimei alivyomlaani Mfalme Daudi na kumtupia mawe alipokuwa akimkimbia Absalomu. Abishai alitaka kwenda kumkata kichwa mtu yule, na Daudi akamkataza. Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini aendeleaye kusoma mpaka Wafalme wa Kwanza, sura ya 2, atamkuta Daudi yuyo huyo, mzee aliye karibu kufa, akimwagiza Sulemani asimwachilie Shimei bila adhabu. Miaka yote ile neno lilikuwa limo moyoni mwake kama kaa la moto chini ya majivu. Mimi sikuweza kulificha hata saa moja.

Wazee wetu wa asili ya Kikuyu walifahamu sana jina la Ahonoki, yaani waliookoka. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi wa Uganda na Daktari Joe Church aliyefanya kazi Rwanda walikutana Kampala wakasali pamoja, na mwaka 1937 wahubiri wa uamsho ule walifika Kabete. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wao walikataa kula kiapo, na wengi vilevile walikataa kushika bunduki ya Homugadi. Kwa hiyo walishutumiwa na pande zote mbili: huku wakiitwa wasaliti, huku wakishukiwa, na wengine waliuawa. Siwasemi kana kwamba walikuwa malaika. Walikuwa na ulimi wao pia. Waliungama dhambi zao hadharani, na baadhi yao walitaka majirani nao waungame zao, hata wazee wa kanisa wakachukizwa. Lakini walikuwa na desturi moja ambayo naistahi. Mtu alipoona kwamba amemchukia mwenzake, alimwendea nyumbani kwake akamwambia kosa lake yeye mwenyewe, si kosa la mwenzake.

Mweka hazina wetu, ambaye mama yake alikuwa mmoja wao, ndiye aliyenituma. Nilikwenda siku ya Jumamosi, daftari na stakabadhi zikiwa mfukoni, na njia ikiwa tope tupu kama mnavyoijua wakati wa mvua. Nililetewa chai. Kabla sijainywa nilimwambia mzee yale niliyoyasema njiani juu yake. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Lete hicho kitabu, kijana.”

Tulipitia mstari kwa mstari. Mchango wa mwanachama mmoja ulikuwa umetumwa kwa M-Pesa, nami nikauandika siku ile ile. Juma lililofuata akaniletea karatasi ya kuthibitisha, nami nikauandika tena. Shilingi 1,500 hazikuliwa na mtu, hazikuwako kamwe. Lakini kosa lilikuwa langu, na aliyeniita mwizi ndiye aliyelifichua. Kama ningaliusoma ukurasa ule wa madeni, kosa lingalikuwamo daftarini hata leo.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Wako wanaodhani kwamba upole wa Mkristo ni kutabasamu na kunyamaza. Penye fedha za watu, sivyo. Anayeulizwa habari za mchango wa matanga akajibu kwa aya ya Biblia bila kuonyesha stakabadhi, huyo hajajibu, hata sauti yake ikiwa tamu namna gani.

Mzee hakuniomba radhi, wala sikuja hapa kumdai. Neno lile bado huniuma nilikumbukapo usiku. Nilimwuliza kama naweza kulitaja deni lake leo, ambalo amekwisha kulilipa, naye akajibu, “Litaje, mradi utaje na la kwako.” Nimefanya hivyo.

Halmashauri imekubali mambo mawili. Kwanza, majina ya wenye deni hayatasomwa tena mkutanoni. Kila mmoja atafuatwa kwake, kwa faragha. Pili, vitabu vitakaguliwa na wanachama wawili kabla ya kila Mkutano Mkuu, na mzee yule amekubali kuwa mmoja wao. Mwaka huu amekwisha kunirudishia kurasa mbili, na maneno aliyoyaandika pembeni si laini. Nimezisahihisha.

Vitabu vyote viko juu ya meza ile karibu na mlango, pamoja na stakabadhi zake. Nitakaa hapo mpaka wa mwisho wenu atakapoondoka.