Jeraha la Moyo na Dawa Yake



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo sisi wakazi wa ufuko huu wa ziwa Mweru twalijua sana, lakini twalitaja kwa nadra. Jambo lenyewe ni jeraha la moyo. Mwenye jeraha la mguu huonekana, na hakuna amwambiaye aende shambani. Jeraha la moyo halitoi damu; kwa hiyo mwenye nalo huambiwa ainuke, afanye kazi kama wenziwe.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 2017, kuanzia mwezi wa Agosti, watu wengi walivuka mpaka kutoka majimbo ya Katanga ya Juu na Tanganyika, katika nchi ya Kongo, wakikimbia mapigano. Walipokewa Kenani, katika wilaya yetu hii ya Nchelenge, na kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa Mantapala, ambako zaidi ya watu 10,000 walipata makao. Wala hao hawakuwa wa kwanza. Desemba 2000, mji wa Pweto ulipotekwa, maelfu waliingia Zambia, na wengi wao wakakaa miaka mingi katika kambi ya Kala, upande wa Kawambwa. Watu hao walipewa hema, chakula na maji, na hayo ni mambo ya kushukuriwa. Lakini hema husitiri mwili tu. Moyo wa mtu aliyeona nyumba yake ikiteketea hausitiriki kwa turubai.

Sasa naomba nikiri kosa langu mwenyewe. Alikuwapo jirani yangu, mvuvi aliyetoka ng'ambo. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alibaki msikitini, akaanza kunisimulia: mtumbwi, giza, na mtoto aliyekuwa amemshika mkono. Nami sikumwacha amalize. Nilimwambia, "Ndugu yangu, subiri, mshukuru Mungu u hai." Akafumba kinywa. Baada ya hapo akaacha kuja jamaa, nami nikadhani amelegea katika dini. Ulipita muda mrefu ndipo mkewe aliponieleza kwamba mumewe hawezi kustahimili kusimama safuni huku watu wako nyuma ya mgongo wake. Mtu yule hakuikimbia sala. Alikuwa akiikimbia hofu, na mimi niliyeijiwa kwa msaada nilikuwa nimemfungia mlango.

Ndugu zangu, tumeichanganya subira na kimya. Mtume Yaakub, amani iwe juu yake, alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakapofuka, wala hakutolewa katika daraja ya wenye kusubiri. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim; na mwaka alioondokewa na Bibi Khadija na Abu Talib waitwa hata leo Mwaka wa Huzuni. Na katika wanavyuoni wa kale, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi, akaonyesha kwamba nafsi nayo huugua na hutibiwa. Basi kutafuta tiba ya moyo si upungufu wa imani.

Waganga wa leo huyaita maradhi haya kiwewe. Mtu apatwapo na hatari kubwa, mwili wake hupiga mbiu: moyo huenda mbio na misuli hukaza, ili akimbie au apigane. Hiyo ni neema. Lakini kwa wengine hatari hupita na mbiu haikomi. Huota yale yale kila usiku, hushtuka mlango ukigongwa, huepuka kila kimkumbushacho, na hukasirikia watoto bila sababu. Wengi hupona wenyewe kwa muda. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja, na mtu ashindwe kazi au usingizi, hapana budi atafutiwe mganga.

Na tiba yenyewe yategemea mazungumzo, yenye mpango na mafunzo. Huko Kivu, mashariki ya Kongo, wanawake waliodhulumiwa vitani walikutanishwa katika vikundi vidogo kwa mikutano kumi na mmoja, wakiongozwa na Wakongomani wenzao waliofundishwa kazi hiyo, ambao hawakuwa madaktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili za huzuni kuu au wasiwasi walikuwa 9 katika kila 100. Na kati ya waliopata msaada wa kawaida tu, walikuwa 42. Katika nchi yetu hii, mjini Lusaka, watoto 257 walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, na waliotibiwa na washauri wa kawaida waliofunzwa walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba tiba hii ni ya Wazungu, au ya matajiri.

Wengine huogopa wakidhani atajaye maradhi ya moyo atapelekwa Chainama na kuitwa mwendawazimu. Sivyo. Mlango wa kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu nawe. Tangu mwaka 2019 Zambia ina Sheria ya Afya ya Akili, iliyofuta ile ya zama za ukoloni, nayo yakataza kumdhalilisha mgonjwa.

Yako pia mambo ambayo mtu aweza kujifanyia. Hofu ikija, avute pumzi taratibu, kisha aitoe polepole zaidi kuliko alivyoivuta, mara kadhaa. Aangalie vitu vitano vilivyo mbele yake, avitaje kwa majina, aguse ardhi kwa nyayo zake, ajue kwamba yuko Nchelenge, wala hayuko kule. Ashike ratiba: kulala na kuamka kwa saa zile zile, na kutafuta kazi ya mikono hata miezi ya Desemba hadi Februari, uvuvi unapofungwa. Ajihadhari na pombe, kwa kuwa huahirisha maumivu na kuyazidisha. Alichokiogopa akirudie kwa hatua ndogo ndogo. Aliyeogopa maji aanze kwa kukaa ufukoni.

Na sisi tulio kando, wajibu wetu ni mwepisi wa kusema na mzito wa kutenda. Tusimlazimishe mtu kusimulia. Lakini akianza, tusimkatize. Tusipime msiba wake kwa msiba wa mwingine. Alilotuambia liwe amana, lisifike sokoni Kashikishi. Kisha tumsindikize kwa mganga, kama tumsindikizavyo mwenye homa. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua; nami naongeza kwamba mara nyingi mgonjwa hafichi kwa hiari yake, bali sisi ndio tumfichishao.

Yule jirani yangu nilimwendea nyumbani, nikamwomba radhi, nikakaa. Siku ile hakusema neno. Siku ya tatu alisema, nami nilinyamaza mpaka akamaliza. Baadaye tulikwenda pamoja kwa mganga. Sasa huja sala, na husimama safu ya mwisho kabisa, ukuta ukiwa nyuma yake. Nawaombeni mahali pale tumwachie.

Mwenyezi Mungu awaponye waliojeruhiwa, nasi atujaalie masikio ya kuwasikia.