Zege la Pampu: Msikubali Maji Yaongezwe

Wengi wetu hujenga nyumba mara moja tu maishani, na slabu ikishamwagwa hairudishwi dukani. Ndiyo maana tunawaomba muwe macho pampu inapoanza kazi.

Zege zito huilemea pampu, na baadhi ya mafundi hulilainisha kwa kuongeza maji. Msikubali. Maji ya ziada hupunguza nguvu ya zege na kulifanya lipasuke kwa urahisi likikauka. Ulaini hupangwa kiwandani. Kwa hiyo, mnapoagiza, elezeni kwamba zege litasukumwa kwa pampu. Lori likifika, someni hati ya mzigo: daraja la zege na saa ya kuchanganywa kwake. Ombeni ulaini upimwe kwa koni, na sampuli zitunzwe ili nguvu yake ipimwe baada ya siku 28.

Uji wa saruji unaotangulizwa kutelezesha mabomba umwagwe kando, usiingie katika slabu. Aidha, bomba likiziba, kaeni mbali na mpira wa mwisho: shinikizo likifunguka ghafla, mpira huo huchapa kwa nguvu inayoweza kuua.

Tunasisitiza: ulizeni kabla zege halijamwagwa, msingoje ufa.