Tasnifu Ianzie Kwenye Daftari la Kikundi



Miaka kumi si haba! Leo tunasema na mabinti zetu wanaosomea menejimenti, wanaotaka kuandika tasnifu juu ya vikundi vya Kibaha na Kisarawe. Karibuni, ila mje mmejipanga.

Kwanza, swali liwe dogo. “Vikundi na maendeleo ya mwanamke” ni bahari, mtazama. Ulizeni hivi: je, marejesho ya muuza duka wa Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, na ya mkulima wa korosho wa Kisarawe huchelewa miezi ileile? Hapo daftari la mweka hazina litawajibu.

Pili, tunzeni siri. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi kama vyetu visajiliwe. Lakini usajili haumpi mtafiti ruhusa ya kumtangaza mdaiwa. Ombeni kibali kikaoni, na badala ya majina wekeni namba. Mama akiaibishwa, kikao kijacho haji, na fedha yetu haiji.

Tatu, andikeni kila jioni, msingoje dodoso la mwisho.

Mwisho, rudini. Tasnifu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, zikalala maktaba. Tunataka ukurasa mmoja tu wa Kiswahili, usomwe mbele yetu, tuone pa kurekebisha. Sisi tumewapa muda na daftari. Hilo ndilo rejesho letu.