Hesabu ya Mvua na Mbegu ya Mkulima

Mazungumzo ya Bwana Shamba na wakulima kabla ya mvua za vuli



Leo sikuja kusema habari za samadi wala za viwavi. Nimekuja kusema habari ya utabiri wa mvua: jinsi unavyofanywa, na jinsi mkulima apaswavyo kuutumia. Nimechagua jambo hili kwa sababu ya kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2015, katika tarafa niliyokuwa nikifanya kazi, nilisimama mbele ya wakulima na karatasi ya utabiri mkononi, nikasema, "El Niño inakuja, mvua zitakuwa kubwa." Mama mmoja mzee alinisikia. Akauacha mtama wake wa kila mwaka, akapanda shamba zima mahindi ya muda mrefu. Mvua zikakatika mahindi yakitoa mbelewele. Akaniuliza, "Mwanangu, mvua yako iko wapi?" Sikuwa na jibu. Karatasi ile ilisema kwamba yaelekea mvua zitakuwa kubwa. Neno hilo "yaelekea" mimi nililiacha.

Wako wanaodhani utabiri ni ramli. Sivyo; ni hesabu. Fikirini majaruba ya mpunga. Maji ya jaruba la juu hushuka katika la chini. Ukijua kiasi cha maji kilichomo na upana wa mlango wake, waweza kujua yatakavyokuwa baada ya saa moja. Wataalamu huigawa hewa yote ya dunia, na bahari pia, katika majaruba ya namna hiyo, yamepangwa ubavu kwa ubavu na moja juu ya jingine. Kila moja hupewa joto lake, unyevu wake na upepo wake, kisha hupigwa hesabu ya kinachopita kwenda kwa jirani. Hesabu hurudiwa tena na tena, mpaka miezi ya mbele ifikiwe.

Mwingereza Lewis Fry Richardson aliijaribu hesabu hii kwa mkono wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alipokuwa akihudumia magari ya majeruhi huko Ufaransa. Alichukua siku iliyokwisha pita, tarehe 20 Mei 1910, akapiga hesabu ya muda wa saa 6 tu. Kazi ilimchukua wiki nyingi, na jibu lilikosea vibaya. Hakulificha, alilichapa katika kitabu chake mwaka 1922, na wengine wakajifunza. Mwaka 1950 huko Marekani kompyuta ilifanya hesabu ya siku moja kwa muda wa karibu siku moja. Siku hizi kompyuta hufanya hesabu ya msimu mzima, hata ya miaka mia. Syukuro Manabe, aliyeonyesha kwa hesabu hizi kwamba hewa ya ukaa ikizidi dunia hupata joto zaidi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Basi kwa nini hesabu hii haitoi jibu moja la hakika? Sababu ni tatu.

Kwanza, majaruba yake ni makubwa. Upande mmoja waweza kuwa makumi ya kilometa, na kilima chako hakionekani humo.

Pili, hakuna awezaye kupima hewa yote ya leo bila kosa, na kosa dogo la leo hukua. Kwa hiyo hesabu hupigwa mara nyingi, kila mara mwanzo ukibadilishwa kidogo. Ikiwa majibu 9 katika 20 yameonyesha mvua nyingi, husemwa 45 katika 100.

Tatu, mvua zetu za vuli hufuata bahari mbili. El Niño ni joto la Bahari ya Pasifiki. Lakini Bahari ya Hindi nayo ina neno lake: ikiwa na joto upande wetu na baridi upande wa Sumatra, vuli huzidi. Mwaka 1997 bahari zote mbili zilikubaliana, na mafuriko mliyaona. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu, lakini tofauti ya joto katika Bahari ya Hindi haikuwa kubwa kama ya 1997. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi ilitosha peke yake kuleta mafuriko.

Sasa tuseme utabiri ni huu: juu ya wastani 45, wastani 35, chini ya wastani 20. Maana yake, ukipata utabiri kama huo misimu mitano, tazamia msimu mmoja wa mvua haba. Je, mbegu uliyo nayo yaweza kustahimili msimu huo mmoja?

Kwa hiyo yafaa tufanye hivi:

1. Mtu akikuambia utabiri, mwulize namba zote tatu. Usipokee moja peke yake.

2. Mvua nyingi zikielekea, zibua mifereji mapema, na mbolea ya kukuzia itie kwa mafungu mawili isichukuliwe na maji. Hata hivyo usiache kipande cha mtama au mihogo.

3. Mvua haba zikielekea, panda mahindi ya muda mfupi, fanya matuta ya kukinga maji, na palilia mapema.

4. Kila msimu weka akiba ya mbegu ya kupandia mara ya pili. Akiba hiyo isiliwe wala isiuzwe mpaka mimea ishike.

5. Pimeni mvua hapa kijijini kila siku saa 3 asubuhi na kuandika daftarini. Kompyuta haikioni kilima chenu, lakini daftari lenu litakiona.

Yule mama alipanda tena msimu uliofuata, kwa mbegu ya kuazima. Tangu siku ile sisomi utabiri mbele ya watu bila kuzisoma namba zote tatu, na hata leo mtaniona nikifanya hivyo.

Sasa leteni maswali.